Ng'ombe wa mzee yuko kwenye kaseti namba 3

Mwaka jana mwezi wa nane nimekaa zangu ofisini Mwanga, Kigoma, ofisi yenyewe ni chumba kimoja tu cha picha za pasipoti, kutoa kopi na kuwajazia watu nyimbo kwenye flashi, akaingia mzee kutoka Ujiji na bakora yake na kofia ya mkono. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Akakaa kwenye benchi, akapumua, akauliza habari za watoto, habari za mama watoto, akauliza mpaka dagaa mwezi huu wanapatikana kama vile mimi mvuvi, nikajua tu hapa kuna jambo, maana mzee akizunguka hivyo ujue anatafuta pa kuingilia.

"Hivi si wewe uliyepiga video kwenye harusi ya mtoto wa marehemu kaka yangu?"

Nikamwambia mzee wangu harusi nimepiga nyingi, hiyo ya lini? Akasema 2009, ukumbi ulijaa mpaka watu wakachungulia madirishani, hapo ndo nikaikumbuka.

Kesi yenyewe iko hivi. Huyo mtoto wa kaka yake ndo bwana harusi wa siku ile, sasa hivi ni mtu mzima ana watoto wanne, wamegombana na baba yake mdogo mambo ya kiwanja, wakawekwa kikao cha ukoo, kwenye kikao kijana akasema mbele ya wazee kwamba huyu baba mdogo tangu nimeoa sijaona kwake hata kifaranga. Mzee yakamkaa kooni. "Mimi nilimpa ng'ombe, tena jike, nimesimama ukumbini na maiki mkononi, watu wakapiga makofi, na wewe ulinimulika na lile taa lako mpaka macho yakauma. Kwa hiyo nitolee hicho kipande uniwekee kwenye simu ya mjukuu wangu, Ijumaa nataka nikawaoneshe."

Akadhani ni kitu cha dakika 5.

DVD waliyonayo nyumbani kwao ilishakwaruzwa zamani, watoto waliifanya kitu cha kuchezea. Lakini hata ingekuwa nzima isingemsaidia, na hili sikumwambia, kwa sababu kwenye kuediti nilikata karibu sehemu yote ya zawadi. Zawadi zilienda karibu lisaa lizima, shangazi huyu na kanga zake, wa kazini na jagi, na bwana harusi alitaka DVD moja isizidi saa mbili, kwa hiyo nikaacha kuingia kwa maharusi, keki, na watu wakicheza, ng'ombe wa mzee kama alikuwepo nilimchinja mimi mwenyewe kwa mausi. Kwa hiyo kama yupo basi yupo kwenye kaseti yenyewe, ile niliyorekodia siku ile, na hapo jasho likaanza kunitoka maana enzi zile kaseti tulikuwa tunazirudia. Kaseti moja, zile ndogo za MiniDV, ilikuwa inafika elfu 6 huku mwisho wa reli, nani ana hela ya kuweka kaseti kabatini baada ya kumpa mteja DVD yake? Unamaliza kazi, unairudisha nyuma, Jumamosi unapigia juu yake harusi nyingine.

Usiku nikavuta ndoo ya biskuti uvunguni. Kaseti 31 humo. Harusi ya mzee zilikuwa 3, namba 1 nikaikuta imeshaandikwa juu yake Maulidi 2011, namba 2 sijaiona mpaka leo, namba 3 ipo na ule mlango mdogo wa mgongoni nimeusukuma upande wa SAVE, yaani kamera haiwezi kurekodi juu yake. Nikajiuliza kwa nini hii peke yake nimeifunga, kuangalia kwenye karatasi ya ndani nimeandika kwa kalamu "anadaiwa 40". Kumbe bwana harusi hajamaliza kunilipa nikaishikilia kaseti kama dhamana. Hela hiyo hajalipa mpaka leo, ila deni lake ndo lililoiokoa kaseti.

Sasa kuwa na kaseti ni kitu kimoja na kuitoa video iliyomo ndani ni kitu kingine, na hapa wadogo zangu mlioanza na simu mnaweza msinielewe, nyie mnachomoa memori kadi mnaburuta faili limeingia. Kaseti ya DV haina faili. Ndani ni utepe wa upana wa milimita 6.35, data imeandikwa humo kwa mistari ya mshazari, na ili iingie kwenye kompyuta lazima kamera iucheze ule utepe kuanzia mwanzo mpaka mwisho kwa mwendo wake ule ule wa kawaida huku kompyuta inapokea. Harusi ya lisaa inaingia kwa lisaa. Ukiwa na kaseti 3 ujue asubuhi yako imeisha.

Mi nililijua hili kwa kuumia. 2007 naanza nilikuwa natumia Panasonic ya binamu yangu, nikapiga send-ofu moja Katonga, nikarudi nikachomeka waya wa USB kwenye kamera, Windows XP ikalia tinu kuonesha imeona kitu, nikafungua folda nakuta picha 3 za mbuzi. Video hamna. Siku mbili nahangaika, nikaamini kamera mbovu, mpaka jamaa mmoja wa Dar akaniambia kwenye simu we bwana, USB kwenye kamera nyingi za kaseti ni ya picha za kawaida zilizoko kwenye kadi, ikizidi sana itakupitishia video ya ubora wa chini. Video yenyewe inatokea kwenye kile kitundu kidogo kilichoandikwa DV. Sony wanakiita i.LINK, Apple wanakiita FireWire, mainjinia wanakiita IEEE 1394, watu wanabishana wee kumbe kitu kimoja. Kwenye kamera kina pini 4, kwenye kompyuta mara nyingi ni pini 6, na desktopu yangu haikuwa nacho kabisa ikabidi niagize kadi ya kuchomeka ndani pamoja na waya wake Kariakoo, mzigo ukapandishwa treni. Nikawa kila siku naenda stesheni kuuliza kama mtu anayesubiri mchumba.

Ulipofika nikafanya kosa ambalo nimelisimulia kwa kila kijana aliyepita ofisini kwangu. Ile pini 6 upande mmoja ina pembe kama paa la nyumba, makusudi isiingie kichwa chini. Lakini kadi za bei ya chini bati la tundu lake ni laini, ukilazimisha linakubali. Mi nimepiga magoti uvunguni mwa meza, giza, tochi nimeona uvivu kuifuata, mkono mmoja unapapasa nyuma ya kompyuta, nikaona inagoma nikasukuma. Ikaingia. Sasa hiyo pini 6 tofauti na ile ya pini 4 inabeba na umeme humo humo, ukiigeuza umeme unaingia kwenye njia za data, moja kwa moja mpaka kwenye kamera. Hakukuwa na cheche wala harufu, na ndo ubaya wake, maana kamera iliendelea kuwaka na kucheza kaseti vizuri kabisa ila tangu dakika ile hakuna kompyuta iliyoiona tena. Fundi aliniambia ni ubao mzima. Binamu alinyamaza kimya wiki mbili, nikamlipa kidogo kidogo mpaka mwaka ukaisha. Tangu hapo nachomeka vyote vikiwa vimezimwa, upande wa kompyuta kwanza, na tochi.

Nikanunua Sony yangu mwenyewe 2008, ya mtumba, na hiyo ndo iliyopiga harusi ya mzee.

Kuna mambo mengine madogo madogo ya enzi hizo nitayapitia haraka maana bado yanamkuta mtu. Kamera iwe upande wa kucheza sio upande wa kurekodi, ukikosea utakapcha, yaani utaingiza kwenye kompyuta, sura yako mwenyewe unavyoshangaa. Tumia chaja ya ukutani sio betri. Movie Maker ya XP ilikuwa inakuuliza unataka kukapcha kwa ubora gani, chaguo la juu kabisa limeandikwa ndo linalopendekezwa, mi nani nikatae pendekezo, nikabonyeza, kumbe linaikamua video hapo hapo inavyoingia inakuwa WMV, ndogo kweli lakini ukishaiediti na kuigeuza tena kwenda DVD sura za watu zinakuwa kama zimepakwa uji. Linalotakiwa ni lile la chini, DV-AVI, ambalo linachukua vile vile ilivyo kwenye kaseti bila kugusa kitu. Ila jiandae na nafasi, DV-AVI inakula kama GB 13 kwa lisaa, na mi diski yangu nzima ilikuwa GB 40 na humo humo kuna Windows na miziki ya watu.

Afu likaja la faili kukatika. Kila nikikapcha, dakika ya 19 hivi inasimama yenyewe. Nikabadilisha waya, nikabadilisha programu, nikaanza hata kuhisi mkono wa mtu. Kumbe diski ilifomatiwa FAT32, ule mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haikubali faili moja lizidi GB 4, na GB 4 za DV ndo hizo hizo dakika 18, 19. Nikaigeuza NTFS tatizo likafa. Na fremu kudondoka nako, video inaruka ruka, bi harusi yuko mlangoni ghafla yuko mezani, chanzo ikawa nimejifanya mjanja nakapchia kwenye diski ya nje kwenye kompyuta ya zamani yenye USB 1, ile inapitisha megabiti 12 kwa sekunde na video ya DV peke yake ni 25, yaani sawa na kutaka pipa la mawese liingie kwenye chupa ya soda kwa mkupuo. Na antivairasi nayo, ikiamua kupekua kompyuta katikati ya kukapcha umekwisha. Umeme sitaki hata kuuzungumzia, enzi zile tunaishi kwa majenereta ya dizeli, unaweza kukapcha dakika 50 ukasikia puu, giza, na faili lisilofungwa vizuri halifunguki, unaanza moja. Niliposhika hela ya kwanza ya maana nilinunua UPS, ile ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, kabla ya godoro, wife anajua.

Haya turudi kwa mzee na Ijumaa yake.

Laptopu yangu ya sasa haina tundu la FireWire, na nyingi za siku hizi hazina. Nikaona mtandaoni wanauza kiwaya upande mmoja FireWire upande mwingine USB, elfu 15, nikaagiza, kikaja, hakifanyi kitu. Hakiwezi kufanya kitu. FireWire na USB ni lugha mbili, waya mtupu hautafsiri, vile viwaya vinauzwa kwa sababu vinaenea kwenye matundu tu, na mtu wa miaka kumi na kitu kwenye hii kazi nilitakiwa nijue. Elfu 15 yangu ikaenda.

Ikabaki ile desktopu ya zamani, iko stoo chini ya magunia ya mkaa. Nikaitoa, nikapuliza vumbi, mjusi akatoka, nikawasha inapiga mlio tu haioneshi kitu. Nikachomoa RAM nikaisugua meno yake kwa raba ya mwanafunzi, nikarudisha, XP ikafunguka na tarehe ya 2002 maana betri ya kwenye ubao imekufa. Sikuamini. Kadi ya FireWire ipo pale pale.

Kamera sasa. Sony yangu ilikuwa Kasulu kwa shemeji, kwa hiyo nikaazima JVC ya jamaa mmoja, ya kaseti hizo hizo, nikaweka namba 3, Jumatano mchana, mzee mwenyewe kaja kakaa nyuma yangu na bakora kati ya magoti. Nikabonyeza kucheza. Picha ikaja, lakini vibox vibox, nusu ya fremu ni ya sasa hivi nusu ni ya sekunde iliyopita, na sauti inakata kata, kkk, kkk.

"Hamna kuipeleka mbele?" mzee akauliza.

Nikamwambia kuipeleka ninaweza ila kuingiza lazima icheze yote, akasema basi icheze, nina haraka gani. Kikapita chakula, akapita MC, mzee anataja watu kwa majina, huyu yuko Mpanda siku hizi, huyu hatunaye, huyu alikula sahani tatu. Kwenye kioo cha kamera namba inasoma 0:41:17 nikamuona, kanzu nyeupe, amenyanyua maiki, mdomo umefunikwa na mraba wa kijani. "Mwanangu, mimi baba yako mdogo nakupa ng'o... kkk... jike... kkk kkk..." halafu vigelegele, halafu vibox tupu.

Mzee akagonga bakora chini. "Umesikia? Ng'ombe! Jike! Basi, hapo hapo, kata hapo uniwekee kwenye simu."

Mi nikagoma.

Kweli kabisa hapa nilitakiwa nimsikilize mteja. Ila kuna kiburi cha kazi, nikaona mzee wa watu anaenda kwenye kikao cha ukoo na video imejaa mavibox na chini watasema imepigwa na mimi, tena ndo kipande pekee kilichobaki cha harusi nzima. Nikamwambia mzee hii imekuja hivi kwa sababu sio kamera iliyoirekodi, nipe mpaka kesho nitakuletea safi mpaka jasho lako litaonekana. Akasema mbona hii inatosha. Nikasema haitoshi. Akasema mwanangu inatosha. Nikasema mzee niamini.

Na sababu yenyewe nilikuwa nayo sahihi. Kaseti namba 3 nilikuwa nimerekodi kwa LP. Kaseti ya dakika 60 ukiweka LP inakupa 90, na usiku ule nilikuwa nimebaki na kaseti moja na zawadi hazijaisha, nikabana. Inapatikana wapi hiyo nafasi ya ziada? Hapo hapo kwenye utepe, kamera inabana mistari, kwenye SP, yaani mwendo wa kawaida, kila mstari una upana wa mikroni 10, kwenye LP ni 6.7. Kichwa cha kamera iliyorekodi kinajua njia zake hata kama kimekaa kombo kidogo, cha kamera nyingine kinapita pembeni. Ndo maana nawaambia watu wenye kaseti zao ndani, kabla hujauza au kutupa ile kamera mbovu mbovu, toa kwanza video zote, hasa kama ulikuwa mtu wa kubana kaseti kama mimi.

Nikampigia shemeji, Sony ikaletwa na gari ya asubuhi. Kasulu juu kule baridi, na kamera imekaa usiku kucha kwenye buti, imefika huku ziwani kwenye joto na unyevu, nikaiwasha ikaweka alama ya tone la maji, haikubali chochote. Huo ni umande, ndani ya mashine kuna unyevu kwenye ule mzinga unaozunguka, ukilazimisha utepe unanasa na kuchanika. Hapo usipige, usipulize na mdomo, usiweke juani. Unafungua mlango wa kaseti unaiacha wazi lisaa. Nikakaa nayo mezani tunaangaliana.

Ilipokubali, sikuweka kaseti ya mzee moja kwa moja. Kwanza ya kusafishia, ile kavu, sekunde 10 tu na kutoa, ukiizidisha inakwangua kichwa. Kisha nikaweka kaseti moja ya hovyo, mahafali fulani, kuona kama kamera haitafuni utepe. Ndo nikaweka namba 3, nikaipeleka mbele mpaka mwisho bila kucheza na kuirudisha mpaka mwanzo, maana utepe uliokaa miaka 15 umeshikana shikana, unatakiwa ulegee kwanza. Kioo cha Sony kimekufa, naangalia kwenye kompyuta tu. Nikawasha UPS, nikachomoa waya wa intaneti, nikafunga kila kitu, nikabonyeza.

Aisee. Safi. Kama imepigwa jana. Mistari ya kwenye shati la MC unaihesabu, 720 kwa 576 hiyo lakini kwa ile ya jana ni kama umefuta kioo. Nikaacha iingie yote, dakika 87, fremu iliyodondoka sifuri. Sikuisikiliza kwa umakini, kulikuwa na wateja wa pasipoti, nilikuwa naangalia ile namba ya fremu tu kama dereva anavyoangalia geji. Nikaihamisha kwenye laptopu, kwenye flashi ya FAT32 haikuingia kwa sababu ile ile ya GB 4, nikaikata vipande. Nikatoa ile mistari ya meno ya kitana, maana video za kaseti kila fremu ni nusu mbili zimefumwa, kwenye tivii za zamani hauoni kitu ila kwenye simu mzee akinyanyua mkono unachanika kama kitana. Nikaikamua iwe MP4 ndogo ya kupita WhatsApp.

Alhamisi jioni mzee akaja na mjukuu mwenye simu, na wazee wengine wawili amewakokota kama mashahidi, wakajipanga kwenye benchi. Mi nimevimba. Nikageuza laptopu kwao, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaweka pale pale 0:41.

Mzee yuko pale, kanzu imenyooka, jasho lipo kweli, kidole kinagonga maiki kuona kama inafanya kazi. Sauti kama yuko chumbani. "Mwanangu, mimi baba yako mdogo nakupa ng'ombe mmoja, jike." Makofi, vigelegele, mama mmoja anapita mbele ya kamera anacheza. Wale mashahidi wawili wanatikisa kichwa, eeh, eeh. Mzee wa kwenye video akanyanyua mkono watu watulie. "Ila kwa sasa yuko Kibondo, ana mimba. Akishazaa, na mimi nikipata nafasi, na Mungu akipenda, nitakuja nimlete."

Kimya. Feni inazunguka. Mmoja wa mashahidi akakohoa, akaangalia nje kama kuna mtu anamsubiri. Mjukuu akauliza babu niitume hii? na hakuna aliyemjibu.

Mzee akanyanyuka taratibu, akanivuta pembeni karibu na mashine ya kopi, akashika bega langu.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "ile ya jana, yenye kukata kata, bado unayo?"